Shajara ya Rafu Mbili: Manga na Utenzi, Nyalenda

Jumamosi, 11 Januari 2025

Mradi huu ulizaliwa na ugomvi, kwa hiyo nianze na ugomvi wenyewe. Nina duka la fotokopi hapa Nyalenda, Kisumu: mashine mbili, kompyuta moja na benchi. Benchi ndilo tatizo. Mtu akija kutoa nakala ya kitambulisho haondoki, anakaa. Jumatano walikaa wawili: mwalimu mstaafu tunayemwita Japuonj, aliyefundisha fasihi ya Kiswahili mpaka nywele zikamwisha, na kijana wa bodaboda ambaye akikosa abiria anafungua manga, vile vibonzo vya Kijapani, kwenye simu. Japuonj alimchungulia begani akasema, "Mwanangu, hivyo ni vibonzo. Mtu mzima husoma maneno." Kijana hakuinua kichwa. "Mwalimu, hivyo vitabu vyenu nani huvisoma kama hakuna mtihani?"

Benchi lote likacheka, nami nikiwemo. Japuonj hakucheka. Jibu la kweli alikuwa nalo na halikumpendeza.

Basi tumekubaliana hivi: kila Jumamosi saa kumi, nyuma ya duka. Kijana atausoma utenzi mmoja wa zamani mpaka mwisho, Japuonj atasoma juzuu moja ya manga mpaka mwisho, na yeyote mwingine anayetaka aje. Mimi naandika yanayotokea. Hakuna mshindi wa kutangazwa, ingawa najua wote wawili wanahesabu mabao.

Jumamosi, 18 Januari

Vitabu vimepatikana. Japuonj alichagua Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Mataka wa Siyu, kisiwani Pate, yule mtawala aliyempiga Sultani wa Zanzibar vita vya kumchosha. Mama ni mgonjwa, anaona hatapona, anamwachia bintiye wosia. Beti ni zaidi ya 100. Nimetoa nakala tisa kwa gharama ya duka, na mke wangu asiisome sehemu hii.

Kijana alichagua Death Note, juzuu ya kwanza kati ya 12, ambayo nilibahatika kuipata kwa muuza vitabu vya mitumba kwa shilingi 400, kona moja imetafunwa na panya. Hadithi ni ya Tsugumi Ohba, michoro ni ya Takeshi Obata, na ilitoka kwenye jarida la Weekly Shōnen Jump kati ya 2003 na 2006. Mwanafunzi hodari anaokota daftari: ukiandika jina la mtu humo huku ukiifikiria sura yake, mtu huyo anakufa.

Kabla hatujasoma hata ukurasa nikagundua kitu, nikanyamaza nacho. Mama wa Siyu anaanza kwa kumwambia binti alete wino na karatasi. Kijana wa Japani anaanza kwa kuokota daftari. Vyote viwili ni habari ya kalamu na kifo.

Jumamosi, 25 Januari

Utenzi umeanguka chali. Tulikuwa saba. Kila mtu na karatasi yake, kimya, kama chumba cha mtihani. Baada ya dakika kumi binti wa kidato cha tatu anayekaa jirani alikuwa ameshasoma beti sita, na kijana wa bodaboda alikuwa amesoma ubeti mmoja mara sita.

Kwenye ubeti wa tatu mama anasema "ndoo mbee". Kijana akauliza kwa dhati kabisa, "Anataka ndoo ya nini? Maji yamepotea?" Wiki hiyo mifereji ya mtaa wetu ilikuwa mikavu, kwa hiyo swali halikuwa la kijinga. Japuonj alieleza kwamba kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, "ndoo" ni "njoo" na "mbee" ni "mbele": njoo mbele yangu, uketi. Lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka, na mama aliye kitandani kwa mwaka mzima akawa mama wa ndoo.

Niseme ukweli wangu: nami nilichoka. Nilikuwa nikitazama saa.

Jumamosi, 1 Februari

Zamu ya manga. Japuonj alifungua kitabu upande wa kushoto kama Mkristo yeyote, akakutana na ilani inayomwambia ameanzia mwisho. Alikigeuza mara tatu. Kijana akamwonyesha: unaanza kulia, kisanduku cha juu kulia kwanza, unashuka ukielekea kushoto. Zamani wachapishaji wa Marekani walikuwa wakizigeuza kurasa kama kwenye kioo ili zifuate njia yao, na wahusika wote wakawa wa mashoto. Siku hizi zinaachwa zilivyo.

Japuonj alitaka kujua kitu hiki kina umri gani. Nikamwambia neno lenyewe liko kwenye vitabu vya michoro vya Hokusai, na cha kwanza kilitoka 1814, miaka 44 kabla ya Mwana Kupona kushika kalamu. Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, na sikuweza kumpinga, kwamba ile ya Hokusai ni michoro tu ya watu na samaki na vinyago, haina hadithi, na kwamba nisimchezee.

Halafu tukafanya jaribio. Kwenye sura ya kwanza kuna mtu amewashika mateka watoto wa chekechea, televisheni inaonyesha moja kwa moja, na Light, yule mwanafunzi, anaandika jina la mtu huyo kwenye daftari. Mpaka afe zinahitajika sekunde 40. Nilishika saa ya simu nione kila msomaji anakaa muda gani kwenye kurasa hizo. Kijana alizipita kwa sekunde kama 20. Binti wa kidato cha tatu, karibu dakika moja. Japuonj alichukua zaidi ya dakika mbili na bado akarudi nyuma. Kumbe alikuwa akisoma kila kiputo kikamilifu na kuziacha picha, kama anayesoma tamthilia yenye madoa. Kijana alikuwa akifanya kinyume: anaogelea kwenye picha na kuokota maneno pale yanapomgonga.

Nilimwomba Japuonj arudie, safari hii asisome neno lolote. Akapitisha kidole kisanduku kwa kisanduku. Alipofika pale Light anapongoja, kidole kikasimama chenyewe. "Hapa amenishika," akasema. Nani? "Mchoraji. Amenishika mkono."

Hilo ndilo neno zito la wiki hii. Msomaji ndiye anayegeuza ukurasa, lakini mchoraji ndiye anayeamua jicho litulie wapi na liteleze wapi.

Jumatano, 5 Februari

Mama mmoja alikuja dukani na hasira. Mwanawe amemwonyesha picha ya Ryuk, yule shinigami mpenda tufaha, mwenye meno kama msumeno. Akauliza kama ninafundisha watoto mashetani. Nilimweleza kwamba kwa Wajapani hao ni miungu wa kifo wa hadithini, kisha nikaona sijajisaidia hata kidogo. Tumekubaliana mwanawe aje siku za utenzi tu. Mwanawe amesema afadhali abaki nyumbani.

Jumamosi, 8 Februari

Leo niandike kwa utulivu.

Tulipangiwa utenzi tena, na hakuna aliyekuwa na hamu. Mvua ilikuja na upepo wa ziwa, kisha stima ikapotea mtaa mzima. Duka likawa giza. Simu mbili zilikuwa na chaji kidogo na wenyewe wakazizima kuzihifadhi. Karatasi hazisomeki, manga haionekani. Nikasema basi tufunge.

Japuonj akasema, "Ngojeni." Akaanza kughani beti za mwanzo kwa kichwa, kwa mahadhi yanayopanda kidogo kwenye kipande cha tatu na kushuka kwenye cha nne. Utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kinarudi kwenye kina kilekile cha ubeti uliopita, na kitarudi tena ubeti ujao, mpaka mwisho wa kazi. Kwenye karatasi hilo ni somo la arudhi. Gizani ni kama mtu anayegonga mlango, anaondoka, anarudi kugonga. Kufikia ubeti wa tano tulikuwa tunaingoja ile sauti ya mwisho, na mtu mmoja, sijui nani, akaanza kuimalizia pamoja naye.

Alipofika kwenye "ndoo mbee" hakuna aliyecheka. Kwa sauti ile, mtu mgonjwa anayemwita mwanawe asogee, huhitaji Kiamu kuelewa.

Nje mama anayekaanga omena hakuathiriwa na stima, jiko lake ni la makaa. Kelele za mafuta zilipungua. Nadhani aliinua karai.

Nilikuwa nimefanya kosa tangu Januari. Nililinganisha vitabu viwili kana kwamba vyote vimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, kimya, na macho yake. Manga ndivyo ilivyo. Utenzi haukutungwa uvizwe kwenye karatasi ya A4 na watu saba wasiosemezana. Kule mwenye kushika muda ni ulimi wa msomaji. Ukiunyamazisha, umemchukulia mtunzi nusu ya kazi yake, kisha unamlaumu kwamba anachosha. Na shuleni tunafanya nini kama si hilo?

Jumamosi, 15 Februari

Kwa haki tulijaribu pia kusoma manga kwa sauti. Kichekesho. Kijana akawa Light, binti akawa Ryuk, mimi nikasoma milio. Tulifika kwenye kisanduku kisicho na neno, uso tu na kivuli, wote tukatazamana. "Hapa unasemaje?" "Huongei, unaangalia." "Sasa asiyeona kitabu?" Hakuna jibu. Ukimya wa manga haughaniki.

Lakini Japuonj amemaliza juzuu, na ameimaliza vibaya: ameipenda. Alikuja na nakala yake ya Juliasi Kaizari, ile tafsiri ya Nyerere ya 1969 ya tamthilia ya Shakespeare, jalada limebaki nyuzi. Hoja yake ni kwamba Light ni Bruto, yule anayemuua Kaizari. Bruto naye anakaa usiku peke yake akijishawishi kwamba kumuua mtu mmoja ni wema kwa wote, na kila hatua ya hoja yake inaonekana safi mpaka utazame alikofika. Kijana akapinga vikali: Bruto anaumia, Light anafurahia. Binti akasema Light alianza kwa kuumia, muangalie usiku ule wa kwanza hapati usingizi. Walibishana kwa muda wa saa moja na nusu! Nilifungua duka tena kwa sababu mteja alikuwa akigonga, nikarudi nikawakuta palepale.

Niongeze kwamba Japuonj amekiri jambo. Miaka yake ya ujana, Taifa Leo ikifika, alianza na Juha Kalulu wa Edward Gitau kabla ya habari yoyote. "Lakini hiyo ilikuwa Taifa Leo," akasema, kana kwamba imemsafisha.

Jumamosi, 22 Februari

Kazi ya mikono. Wazo limetoka kwa kijana, na ni la kuazima Japani. Kwenye majarida ya manga ya vijana, kila kanji, ile alama inayosimamia neno, huwekewa pembeni yake herufi ndogo za kana za kuonyesha matamshi. Wanaziita furigana. Msomaji mchanga hakwami wala hatafuti kamusi. Jicho linaokota msaada na kuendelea. Vitabu vyetu vya tenzi huwa na faharasa nyuma, na kwenda nyuma ya kitabu ni kutoka ndani ya hadithi. Ukirudi mama ameshapoa.

Tukaamua kutengeneza kijitabu cha beti 20 za mwanzo chenye maana ndogo juu ya neno lenyewe. Juu ya "negema", kwa pointi 6, "sogea". Juu ya "upulike", "usikilize". Juu ya "ujilisi", "uketi". Juu ya "ndoo" kijana alitaka tuandike "si ya maji". Nimekataa, lakini kwa shingo upande.

Programu ya kuandikia ilinitesa mchana kutwa: kila nikisogeza neno, herufi ndogo zinakimbilia mstari mwingine. Mwishowe nimetengeneza jedwali lisiloonyesha mistari, safu ya juu pointi 6, ya chini pointi 13, kila neno kwenye kisanduku chake. Ukilitazama kwa mbali, ubeti umekuwa ukurasa wa manga.

Japuonj aliweka sharti moja: maana isizidi neno moja. Ikizidi, basi ni sisi tunaongea badala ya mama.

Jumamosi, 1 Machi

Niliprinti picha ya ukurasa wa muswada wa Kiswahili kutoka mkusanyiko wa chuo cha SOAS, London, unaoonekana mtandaoni. Mzee mmoja wa Kaloleni aliyekuja kutoa nakala ya hati ya ploti akauona mezani, akauvuta, akaanza kuutamka polepole. Ni hati za Kiarabu, lugha ni yetu. Kidole chake kilitoka kulia kwenda kushoto.

Kijana alisimama. "Kumbe hata sisi!"

Ndiyo, hata sisi. Mwana Kupona alianzia kulia. Vitabu vya washairi wa kale wa Pate na Lamu vilianzia kulia. Kwa hiyo kijitabu chetu kitafunguka upande wa kulia, ingawa maandishi ni ya Kilatini, kama zilivyo manga za Kiingereza. Hakuna aliyepinga.

Wasichana wamepinga jambo jingine. Tumefika kwenye zile radhi tano ambazo mama anasema bintiye azitafute: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, ya mume. Binti wa kidato cha tatu akaweka karatasi chini. "Huyu anamfundisha mwanawe utumwa." Nilidhani kijana atashangilia kwamba vya kale vimeoza, lakini binti alimgeukia yeye pia: "Na wewe usicheke. Yule Misa wako, msichana wa kwenye manga, anamfuata Light kama mkia, na hiyo imeandikwa juzi." Binti alikuwa ameshasonga mbele kwenye simu, juzuu kadhaa. Kisha akasema kitu ambacho nimekiandika neno kwa neno: "Mwana Kupona angalau anakufa. Anamwachia anachokijua. Mwandishi wa Misa alikuwa mzima."

Jumamosi, 8 Machi

Kijana amechora. Picha ya kwanza: mama kitandani, uso mzima, machozi, leso, nyuma mabati ya Nyalenda kwa sababu Siyu hajawahi kuiona. Mkono wake ni mzuri kupita nilivyotarajia. Tuliiweka mbele ya beti, Japuonj akaghani, na haikufanya kazi. Kila mtu alikuwa na mama wake kichwani tangu lile giza la Februari, na sasa wote tumepewa huyu mmoja. Hata mchoraji alikubali, baada ya kununa kidogo.

Amechora upya. Safari hii hakuna uso. Ni mkono wa msichana tu unaotoka kulia, umeshika kalamu, kurasa mbili zilizokabiliana, na upande wa kushoto karatasi tupu. Mama hayumo. Sauti yake ndiyo iliyo kwenye beti. Ni kile kisanduku kimya tulichoshindwa kukisoma kwa sauti, amekiiba na kukileta huku.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Watu wawili. Tumekunywa chai.

Jumamosi, 22 Machi

Nakala 40, shilingi 70 kila moja, jumla 2,800, tulichanga. Mashine yangu haina ubora wa kutosha kwa michoro, kwa hiyo nilipeleka kwa mchapaji mmoja mjini. Nilimweleza mara mbili: pini zipigwe ukingo wa kulia. Niliandika hata kwenye bahasha. Leo nimechukua mzigo, nimefungua kimoja palepale kwenye tuktuk, nikahisi tumbo limeshuka. Wamepiga pini kushoto. Wamenisahihisha! Nilipopiga simu, sauti ikaniambia kwa upole kwamba walidhani nimekosea.

Beti zinasomeka. Lakini ile picha ya kurasa mbili imekatika: kiganja kiko ukingo wa kushoto kabisa, vidole vimekimbilia ukingo wa kulia kabisa, na katikati, pale vinapopaswa kukutana, ni uti wa kijitabu na pini zake.

Kijana alikitazama muda mrefu. "Omera, wameukata mkono."

Jumamosi, 29 Machi

Tumezing'oa pini zote kwa kisu cha jikoni, mbili kwa kila kijitabu, 80 kwa jumla. Kazi ni hii: unaingiza ncha, unainua mguu mmoja wa pini, unageuza kijitabu, unavuta. Ukiharakisha karatasi inachanika. Kisha unalinganisha kingo, unapiga pini kulia. Tumeharibu vitatu. Vilivyobaki vina matundu mawili madogo upande wa kushoto, na ukivishika kwenye mwanga unaviona. Mkono umeunganika, karibu. Kidole cha shahada kimepanda juu ya kiganja kama milimita mbili.

Japuonj aliomba aazimwe juzuu ya pili ya Death Note. Sina. Nimemwambia aulize kwa muuza mitumba, amesema ataona aibu, nimpelekee mimi.

Kijana amemaliza utenzi, beti zote, na amenionyesha kwa alama za kalamu alipokwama. Kuanzia katikati alama zinapungua. Sikumuuliza kama ni kwa sababu ameelewa au amechoka kuweka alama.

Mama wa omena aliingia tukiwa tunafunga, anapangusa mikono kwenye leso. Alitaka kujua ile ya gizani ni bei gani. Nikamwambia ni ya bure, nikampa. Alikifungua kushoto, akakuta jalada la nyuma, akakirudisha mezani. "Kusoma si kazi yangu. Atanisomea mtoto nikishafunga kibanda." Nikamwonyesha pa kuanzia, upande wa kulia, na zile herufi ndogo ili mtoto asikwame. Akauliza kama yule mama alipona.

Vimebaki 36. Pini za stepla zimekwisha, ninunue Jumatatu.